Sifuri Tisa za Aprili

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Saa moja asubuhi. Kipimo cha mvua: milimita nne. Nimemwaga, nimekipangusa, nimekirudisha kwenye nguzo yake. Nimeandika.

Sare tatu za shule kabla ya saa sita. Wazazi wameanza kukumbuka kwamba Septemba inakuja. Cherehani inakata uzi tena.

Mahindi ya msimu yamekwisha kupukuchuliwa. Tuliyapima Jumamosi kwa mizani ya Mama Rachel, jirani anayeuza unga. Kilo ishirini na moja kutoka mraba wetu wa mita kumi kwa kumi. Nilitaka kumwambia Furaha. Nilikuwa nimeshageuka kuelekea mlango wake.

Asistani Justin anakuja Alhamisi. Ndiye aliyemwongoza Furaha kazi yake ya mwisho pale chuoni. Ataniuliza nieleze tulichofanya, kwa hiyo naandika hapa kwanza, maneno yakae sawa. Furaha, mtoto wetu, alisomea kilimo. Swali lake lilikuwa moja: kilo moja ya mahindi inakula mvua kiasi gani? Si mahali pamoja tu. Hapa kwetu Bunia. Bule, kwa dada yangu. Na kando ya ziwa upande wa Mahagi, kwa Ukumu, kaka wa mke wangu. Mbegu moja, mraba sawa, kipimo cha chupa cha namna moja. Misimu mitatu. Alimaliza miwili. Wa tatu aliupanda Machi, na Aprili akafa. Homa, siku nne hospitalini. Tumeumaliza sisi, mama yake na mimi.

Ndivyo nitakavyosema. Nadhani sitalia.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Kipimo: sifuri.

Nimempigia dada yangu Bule kuchukua namba za mwisho. Mtandao ulikatika mara tano. Kilo zake kumi na tisa. Nilimkumbusha msimu wa kwanza, alipokimbia risasi na kipimo chake mkononi. Alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, mutoto mugongoni, chupa mukononi! Batu ba njiani banasema, mutazame ule mama, vita iko nyuma na yeye iko anabeba pombe!"

Siku zile tano alizokuwa njiani, Furaha hakuandika chochote katika mstari wake. Nilimwuliza kwa nini asiweke sifuri, daftari lipendeze. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Papa, sifuri ni jibu. Shangazi hakupima, basi hatuna jibu. Tunaacha wazi." Aliniambia bila kuinua macho. Ndizi ilikuwa imeiva sana, alikula nusu akanipa nusu.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Kipimo: milimita kumi na moja.

Asistani alikuja kwa motari, pikipiki ya abiria, viatu vimejaa vumbi jekundu. Kijana mpole. Alikataa kiti kizuri, akakaa kwenye benchi yangu ya kushonea. Mama Furaha alileta daftari limefungwa kwenye kitambaa cha kanisani.

Nimejifunza hesabu yenyewe leo. Ni nyepesi kuliko kukata koti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Unajumlisha mvua yote ya msimu, unaizidisha kwa ukubwa wa mraba, unagawa kwa kilo ulizovuna. Asistani alisema si maji yote yanayoingia ndani ya mmea, mengine yanazama na mengine yanakimbia, lakini ndiyo mvua iliyotumika juu ya shamba kupata ile kilo. Furaha alikuwa anageuza lita kuwa bidoni, madumu ya lita ishirini, ili mama yake aelewe. Nikaomba tufanye vile vile.

Msimu wa Machi mwaka jana, hapa Bunia: bidoni mia na kumi kwa kilo moja. Mia na kumi! Nilitazama punje zilizobaki juu ya meza nikaona haya. Mama Furaha anabeba bidoni mbili kutoka kisimani na mgongo unauma siku nzima.

Bule kuna baridi, mahindi yanakaa muda mrefu shambani lakini hayateseki: mia na tano, miaka yote miwili karibu sawa. Kando ya ziwa jua ni kali, mvua chache, mavuno madogo: mia na arobaini.

Kisha Bunia msimu huu. Asistani alihesabu. Akahesabu tena. Bidoni tisini.

Alisimama. "Papa, hii ni kitu kubwa." Mbegu ile ile, shamba lile lile, na mvua imepungua namna hii bila mavuno kupungua. Alisema kama ni kweli, ni habari njema hasa kwa watu wa ziwani. Ataipeleka kazi ya Furaha mbele ya walimu mwanzoni mwa Septemba. Itasomwa kwa jina lake. Itawekwa maktabani, kitabu chenye jina lake mgongoni.

Mama Furaha aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia anapiga magoti.

Ukumu alipiga simu kabla jua halijazama. Dada yake, mke wangu, alikuwa amekwisha mwambia. Anataka mbegu, nyingi iwezekanavyo. Anasema ile mbegu isiyo na kiu, ataing'olea mihogo yake yote.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Kipimo: milimita mbili.

Furaha yangu inanishangaza. Siku tatu sasa nakula vizuri.

Lakini nauliza. Kwa nini tisini? Samadi ni ile ile, kikapu kwa mstari. Palizi mara mbili, kama mwaka jana. Mahindi hayakunyauka hata siku moja, tena yalikuwa marefu kunizidi. Furaha aliyaita walevi. "Walevi wako wanaendelea vipi leo, Papa?" Mlevi haachi kunywa bila sababu.

Nimefanya jaribio alilonionyesha zamani. Mama Rachel ana mahindi yaliyochelewa, bado mabichi. Nimefunga mfuko mwepesi wa plastiki juu ya jani moja, saa tatu asubuhi. Saa sita mfuko ulikuwa na ukungu ndani, kisha matone, kisha maji kidogo yamekusanyika kwenye kona. Jani moja! Mama Rachel aliniangalia nimechutama pale. "Papa Furaha, unashonea mahindi yangu koti?" Nilimwambia yanatoa jasho. Akasema hata yeye anatoa jasho na hakuna mtu anayemfunga mfuko.

Nimekunywa yale maji. Hayana ladha.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Kipimo: milimita sita, asubuhi.

Baada ya misa tulipita kwa mzee aliyefiwa na mkewe, mtaa wa juu. Walikuwa wamefunga bashi la shirika letu la parokia, lile turubai la plastiki la bluu, kutoka ukuta hadi kwenye miti. Tulikaa chini yake. Mvua ikaja kwa nguvu. Bashi lilianza kutuna katikati, likashuka mpaka karibu na vichwa. Mtu akachukua ufagio, akalisukuma juu kwa mpini, maji yakamwagika upande mmoja. Akina mama walikimbia na mabeseni na bidoni kuyakinga. Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka matangani.

Mimi sikucheka. Jambo lile lile lilitokea kwetu. Nilisahau kabisa. Aprili, bashi hili hili, mpini wa ufagio, maji, mabeseni. Padri alisimama katikati ya sala mpaka kelele za mvua zipungue.

Ilinyesha siku zile.

Nimerudi nyumbani nimefungua daftari. Tangu siku ya kwanza ya matanga mpaka siku ya tisa. Mwandiko wa mke wangu, ule wa taratibu wa shule ya masista. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Tisa zote.

Nimekwenda uani nimesimama pale bashi lilipokuwa. Kona yake moja ilifungwa kwenye mparachichi. Nguzo ya kipimo iko hatua mbili ndani ya kona hiyo. Mahindi yalikuwa nje, yamenyeshewa yote. Kipimo kilikuwa ndani pamoja na sisi, kikavu.

Mimi ndiye niliyewaonyesha vijana wa shirika pa kufunga kamba.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Kipimo: sifuri. Hii ni ya kweli.

Sikumwambia mtu. Nimekata suruali vibaya, mguu mmoja mfupi kwa vidole viwili. Nimelipa kitambaa.

Naogopa. Naandika wazi: naogopa kwamba msimu huu ukianguka, kazi yake itaanguka. Asistani alisema misimu mitatu, si pungufu. Na naogopa uso wa mke wangu. Siku zile hakuzungumza, hakula. Lakini kila asubuhi saa moja aliinuka kutoka mkekani, katikati ya wanawake waliolala, akaenda kwenye nguzo na daftari. Niliona. Nilifikiri, hiki ndicho kinachomsimamisha. Nikamwachia mpaka siku ya kumi, ndipo nikachukua kalamu mimi.

Labda mvua ile ilikuwa ndogo. Labda haibadilishi kitu.

Jumanne, tarehe 19 Agosti

Kipimo: milimita tatu.

Nimekwenda kuuliza. Mama Rachel na Mama Jeanne ndio waliosimamia jiko letu siku za matanga. Niliwakuta wanachambua maharagi.

Niliuliza kama wanakumbuka maji ya bashi. Mama Rachel alisema bidoni arobaini. Mama Jeanne aliweka ungo chini. "Arobaini gani? Weye ulikuwa unalia, ulihesabu saa ngapi? Siye tulikuwa na pipa mbili za parokia. Mvula ilikuya mara tatu. Mara mbili pipa zote mbili zilijaa. Mara ya tatu zilifika katikati, mpini ya ufagio ikavunjika."

"Ufagio yangu," alisema Mama Rachel. "Hamukunilipa mpaka leo."

"Na ingine maji ilimwangika bure ku njia. Mingi!" Mama Jeanne aliniangalia. "Papa Furaha, iko shida? Ile maji tulipikia wali. Ilikuwa safi kabisa."

Nilisema hakuna shida. Kisha nikasema ndiyo, iko. Sikueleza. Mama Jeanne alinipa kikombe cha maharagi mabichi nimpelekee mke wangu.

Pipa moja ni bidoni kumi. Mbili mara mbili, arobaini. Na nusu ya mbili, kumi. Hamsini, mbali na yaliyokimbilia njiani.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Kipimo: sifuri.

Nimekwenda parokia na utepe wangu wa kushonea. Mlinzi wa stoo alidhani nataka kushona bashi upya. Tumelitandaza kwenye nyasi. Upana mita nne. Urefu mita tano. Mita ishirini za mraba.

Nilikaa juu ya nyasi nikahesabu, nikahesabu tena. Milimita moja juu ya mita ishirini ni lita ishirini. Bidoni moja. Kila bidoni waliyokinga akina mama ni milimita moja ya mvua. Sawa sawa, bila kipande kubaki. Nilitaka sana kumwambia mtu mmoja tu duniani. Angepiga makofi.

Milimita hamsini kwa uchache. Nikiziongeza, kilo moja inakuwa bidoni mia na mbili. Na maji yaliyomwagika sijayatia. Kwa hiyo karibu na mwaka jana. Kwa hiyo hakuna mbegu isiyo na kiu. Walevi walikunywa kama kawaida. Sisi ndio hatukuona.

Ni ajabu, nimeridhika kujua. Saa nzima niliridhika. Kisha nikakumbuka matokeo yake.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Kipimo: milimita tisa.

Ukumu ametuma ujumbe. Dereva wa lori atapita Jumamosi kuchukua mbegu. Ameanza kung'oa mihogo.

Mihogo ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Wana watoto sita.

Nilimwambia Mama Furaha baada ya chakula cha mchana. Nilifunga mlango. Nilieleza bashi, nguzo, kamba, mapipa. Nilisema mimi ndiye niliyeonyesha pa kufunga. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika sahani.

"Nilikuwa natazama kila asubuhi," alisema. "Haikuwa na kitu ndani."

"Najua."

"Nilipindua ile chupa. Niliingiza kidole. Ilikuwa mukavu."

"Najua, Mama Furaha."

"Sikudanganya mutoto."

Nilisema hapana, hukudanganya. Aliweka sahani chini, akatoka, akaenda kukaa kwa Mama Rachel mpaka jioni. Maharagi aliyopewa hayajapikwa.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti

Sikuangalia kipimo. Mstari nimeuacha wazi.

Chuoni. Asistani alikuwa ofisini kwake, karatasi za Furaha zimekwisha pigwa chapa, ukurasa wa kwanza una jina lake lote. Nilimweleza. Nilimpa hesabu ya mapipa. Aliisoma kwa muda mrefu.

Alisema ni hesabu nzuri, lakini si kipimo. Ni kumbukumbu ya mama mmoja wa jikoni, na ya mwenzake inaipinga. Walimu hawataipokea. Siku tisa katikati ya mvua za Aprili ni nyingi mno, msimu wote unaanguka. Septemba haiwezekani.

Kisha akasema, "Papa, ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Ukumu angejua," nilisema. "Mu mwezi wa kumi na mbili, kwenye sahani."

Alijifunika uso kwa mikono miwili. "Samahani, Papa. Niko mwalimu na niko nasema vile." Alinisindikiza mpaka barabarani. Alitaka kunilipia motari. Nilikataa, nikarudi kwa miguu. Ukurasa wenye jina lake alinipa. Ninao mfukoni. Umeanza kuchakaa kwenye kunjo.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Kipimo: milimita moja. Labda ni umande.

Nilimpigia Ukumu alfajiri. Alikuwa amekwisha ng'oa mistari miwili. Akasema mistari miwili si kitu, watakula mapema. Kisha akanitania: "Shemeji, nilijua. Hakuna kitu inakaaka hapa ziwani bila kunywa, hata padri." Nimempa dereva kilo moja tu ya mbegu, ajaribu pembeni.

Mama Furaha hazungumzi nami sana. Hajakasirika. Anatembea kama mtu anayebeba kitu kilichojaa.

Jumatano, tarehe 27 Agosti

Kipimo: milimita kumi na nne.

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mezani na daftari limefunguliwa kwenye Aprili. Alikuwa na rula yangu na kalamu nyekundu ya chaki ya kitambaa, akaona inachafua, akachukua kalamu ya bik ya bluu. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kumwambia acha, nitafanya mimi.

Alipiga mstari juu ya kila sifuri, mmoja mmoja, kwa rula, ili bado isomeke. Ilimchukua muda. Pembeni akaandika mara moja kwa siku zote tisa, kwa ule mwandiko wake wa masista:

Haikupimwa. Tulikuwa tunamlilia mwenye daftari.

Alipuliza wino ukauke. Akanipa nisome. Nilisema ni sahihi. Akasema, "Yeye ndiye aliagiza tuache wazi." Sikujua kwamba yeye pia aliambiwa.

Nililia basi. Hata yeye.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Kipimo: milimita tano.

Asistani alipita. Walimu wamekubali tupime msimu huu mpya badala ya ule. Kama hautakosa siku, kazi itasomwa mwakani. Ameleta nguzo ndefu ya chuma. Tumeisimika katikati ya mahindi, mbali na miti na mbali na uwanja wa kukaa watu.

Tulipanda wiki iliyopita. Yameota yote, isipokuwa shimo la mwisho la mstari wa nne, kuku wamelifukua.

Jioni Mama Furaha alikuwa pembeni ya mraba na kikombe cha maharagi. Anayafukia moja moja, mstari mmoja, kwa kidole gumba. Nilimwuliza ya nini, Furaha hakupanda maharagi. Alisema anajua. Alisema mahindi tumeyahesabia vya kutosha, na maharagi je, bidoni ngapi kwa kilo?

Nimesema sijui. Alisogea, akanipisha nafasi kwenye mstari, akanimiminia nusu ya kikombe mkononi.